Mkono wa Tarakimu

Karakana yetu ipo Ngamiani, Barabara ya Kumi na Sita,
nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli.
Mezani pana korona ya kuchakata mkonge:
tani saba, ngoma yenye visu, minyororo,
na haipo.

Ipo kompyuta tu, na feni yake inayokohoa,
na nyaya kumi na mbili nilizozitia alama kwa plasta ya kidonda,
zinaingia kwenye kibao cha kijani
kidogo kuliko kiganja changu.
Hicho ndicho kitakachoshika breki huko shambani.
Tunakidanganya.
Kila elfu moja ya sekunde kinauliza:
ngoma inazunguka kasi gani?
Na kompyuta inajibu kabla swali halijapoa.
Ikichelewa, uongo umeharibika,
tunaanza upya, tunachemsha chai.

Mwenzangu Shekiondo ndiye aliyeuandika mkono.
Si wa nyama: uzito, urefu, wepesi wa kushtuka.
Robo ya sekunde, alisema, ndipo mtu anapoachia.
Usiku wa kwanza tuliukata mara arobaini.
Nilihesabu kwa vijiti pembeni mwa daftari.
Sikuona damu, niliona mstari mwekundu
ukivuka mstari wa buluu.
Tukapunguza umeme, kama unavyonyong'onyea
saa mbili usiku mtaa mzima unapowasha.
Tukavilowesha vihisio kwa maji ya mkonge,
maji ya tarakimu, yasiyowasha.
Tukakata waya katikati ya mzunguko.
Tukarekebisha, tukakata, tukarekebisha.
Ijumaa: majaribio mia mbili, mkono mzima.
Shekiondo akaagiza mihogo na pweza.

Jumamosi akaja Mbaruku Nyange,
aliyelisha korona miaka kumi na mmoja,
anayebana mkono wa kulia wa shati kwa pini mbili.
Akaomba kuona.
Alitazama muda mrefu, kama mtu aliyepokea barua
yenye jina lake na anwani ya mwingine.
"Huyu wenu," akasema, "mbona anaachia?"
Shekiondo akamweleza: robo ya sekunde, mishipa, kushtuka.
"Mimi sikuachia.
Jani likikwama unalivuta. Unalivuta kwa sababu
nyuma yako wapo wanaosubiri meza itembee,
na msimamizi ana kipande chako mfukoni.
Unalivuta, unalitukana,
halafu ndio."

Hakumalizia. Nje kuna mtu alikuwa anajaza tairi upepo,
pampu ikihema, fyuu, fyuu.

Usiku ule niliifuta robo ya sekunde.
Nikaandika mkono mkaidi, mkono wenye deni,
unaovuta unapovutwa.
Nikabonyeza.
Mwekundu ukavuka wa buluu.
Tena.
Tena.
Tulikuwa tumetengeneza breki njema
kwa watu ambao hawajazaliwa.

Imetuchukua wiki tatu na ugomvi mmoja.
Sasa kibao hakingoji mtu aachie.
Kinasikiliza mnyororo unavyokaza
na kukamata ngoma kabla tusi halijaisha.
Nimelipima hilo tusi: Mbaruku alinitamkia kwa simu,
akicheka, sekunde moja na nusu.
Nimeliandika kwenye ripoti kama "muda wa mwitikio".

Kesho tunakwenda nacho Muheza.
Nimekwisha kuchomoa nyaya kumi na moja.
Huu wa mwisho nimeuacha kidogo.
Kibao bado kinauliza kasi ya ngoma isiyokuwapo,
na kompyuta, kwa adabu, inakijibu.
Hakitajua siku uongo ulipokoma.
Kwake Muheza ni umeme ule ule,
swali lile lile, elfu kwa sekunde.

Nitakayejua ni mimi,
nitakayesimama kando ya meza ya kulishia
nikitazama mikono,
yote,
jozi jozi,
na kuihesabu tena jioni.